Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima: Mwongozo wa Kuishi na Presha na Sukari Dar es Salaam

Ingia jikoni kwenye nyumba yenye mtu wa presha au sukari hapa Dar, iwe Tandika, Sinza au Gongo la Mboto, na mara nyingi utakuta sufuria mbili. Kubwa ni ya watu wote, imekolea chumvi na mafuta. Ndogo ni ya mgonjwa, chakula kimechemshwa tu, hakina hata kitunguu. Mgonjwa anakula hicho mwezi mmoja au miwili huku harufu ya sufuria ya wenzake ikimpita puani. Halafu siku moja anasema liwalo na liwe, anarudi kwenye sufuria kubwa, na presha inapanda tena.

Ninachoomba katika mwongozo huu ni kimoja: badilisheni chungu cha nyumba nzima. Chakula kinachomfaa mtu wa presha na sukari kinamfaa mtoto wa shule na kinamfaa kijana wa bodaboda. Isitoshe, presha na sukari ya ukubwani hutembea kwenye ukoo, kwa hiyo watoto na wadogo zake mgonjwa nao wako njiani. Ndiyo maana naongea zaidi na anayeshika mwiko na anayetoa hela ya matumizi kuliko na mgonjwa peke yake.

Jambo la kuwekana sawa kwanza: hakuna hatua hapa inayochukua nafasi ya dawa. Chakula na mazoezi vinaweza kumfanya daktari apunguze dozi, lakini anayepunguza ni daktari. Na kama mgonjwa ana tatizo la figo, onana na daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kufuata ushauri wa mboga na matunda, kwa sababu figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, na mchicha, ndizi, maharage na madafu vinayo nyingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo naye asiongeze mboga za majani ghafla. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na akitaka kubadilisha amwambie daktari wake.

Hatua ya 1: Jueni mnaanzia wapi

Kabla ya kugusa chungu, pateni namba. Presha inayohesabiwa kuwa juu hospitalini ni 140/90 au zaidi, ikirudiwa zaidi ya siku moja. Ukipima nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea tayari ni juu. Kwa sukari, kabla ya kula asubuhi, 7.0 mmol/L au zaidi kwa vipimo vya maabara vilivyorudiwa ni kisukari. Mwenye kisukari tayari, kwa kawaida analenga 4 mpaka 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, ila daktari anaweza kumwekea lengo lake, hasa akiwa mzee. Kuna na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Wengi hulengwa chini ya asilimia 7. Hiki ndicho kipimo kisichodanganyika kwa mtu aliyejizuia siku mbili kabla ya kliniki.

Upimaji wa presha nyumbani huharibika kwa mambo madogo. Mtu katoka kupanda ngazi, kakaa, kapimwa hapohapo, namba inatisha. Fanyeni hivi: aende haja ndogo kwanza, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi na siyo juu ya shati, asiongee. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote. Nunueni mashine ya mkono wa juu, si ile ya kifundo, na kama mkono ni mnene ulizeni mkanda mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo huongeza namba.

Andikeni kwenye daftari la kawaida la shule: tarehe, saa, presha, sukari, na pembeni neno moja au mawili, "harusi", "sikulala", "nilisahau dawa". Daftari hili lina thamani kubwa kwa daktari kuliko maelezo ya mdomo.

Hatua ya 2: Chumvi, na kalamu kwenye pakiti

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kila kitu ndani. Tatizo ni kwamba hakuna mpishi anayepima gramu, tunakadiria kwa vidole. Njia ninayoipenda mimi ni ya pakiti. Nyumba ya watu watano haitakiwi kuzidi gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Dada yangu Tabata anaandika tarehe kwa kalamu kwenye pakiti siku anayoifungua, na wote jikoni wanaiona. Ikiisha siku ya 12, hakuna haja ya kulaumiana, jibu liko kwenye karatasi. Na kwa kuwa mkate, maandazi ya dukani na viungo vya pakiti vina chumvi yake tayari, ni vizuri pakiti ifike hata siku ya 25 au 30.

Punguzeni taratibu. Wiki ya kwanza robo ya chumvi mliyozoea itoke, baada ya wiki mbili toeni robo nyingine. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa, na baadaye chakula cha zamani mtakiona kimezidi chumvi. Kikopo cha chumvi kiondoke mezani kabisa.

Kuna chumvi inayoingia bila kuitwa hivyo. Magadi ni ya kwanza. Watu wengi wanatia magadi kwenye maharage, mlenda au kisamvu ili vilainike haraka, bila kujua kwamba magadi yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha kwenye chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya, yataiva bila magadi. Ya pili ni vile viungo vya unga na vya vidonge vya mchuzi: soma nyuma ya pakiti, mara nyingi chumvi imetajwa mwanzoni. Ya tatu, kwa sisi watu wa pwani, ni ng'onda na papa mkavu. Sisemi mviache kabisa, ila viloweke, umwage maji mara mbili, na usiongeze chumvi nyingine kwenye mchuzi wake. Ya nne ni supu ya asubuhi ya kibandani, ambayo kabla hujanyunyizia chochote tayari ina chumvi ya kutosha.

Ladha itoke wapi? Ndimu, kwanza kabisa. Ndimu ikikamuliwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, humdanganya ulimi kwamba chumvi ipo. Kisha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili mbuzi, bizari, majani ya giligilani. Mpishi mzuri wa pwani hakosi vitu hivi, na sufuria ya mgonjwa isiyo na hata kitunguu ni adhabu isiyo na sababu yoyote ya kitabibu.

Watauliza: na hili joto la Dar, jasho lote hili, si tunapoteza chumvi? Jasho la kutembea na kufanya kazi za kawaida halihitaji chumvi ya ziada. Linahitaji maji.

Hatua ya 3: Gawa sahani upya

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, hasa kwa sukari, na ubishi wenyewe kwa kawaida ni wa aina ya ugali. Utaambiwa sembe ni sumu, dona ni dawa, mtama hauna sukari, muhogo haupandishi. Dona ni bora kuliko sembe, hilo ni kweli, lina nyuzinyuzi na madini ambayo kinu kimeyaondoa kwenye sembe. Lakini dona likijaa sahani linapandisha sukari, mtama pia, muhogo pia. Kiasi ndicho kinachoamua kuliko aina. Nimewahi kusikia mtu akijivunia kula ugali wa ulezi tu, na bonge lenyewe lilikuwa la kushibisha watu wawili.

Kipimo mnacho mwilini. Ugali, wali, ndizi au viazi: kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Samaki, kuku, nyama isiyo na mafuta au maharage: robo ya sahani. Nusu iliyobaki ni mboga, na hapa ndipo mfuko wa mtu wa Dar unapopata nafuu, kwa sababu mchicha, matembele, majani ya kunde, bamia, nyanya chungu na kabichi ni bei rahisi sokoni kuliko nyama. Kama fungu moja la mchicha lilikuwa la watu watano, sasa nunueni matatu. Anzeni kula kachumbari au mboga kabla ya kugusa ugali au wali. Kuanza na mboga na samaki, wanga ukafuata, hupunguza kasi ya sukari kupanda.

Kwa wenye presha mboga hizi si mapambo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya mlo walioupa jina la DASH, wenye mboga na matunda kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na mafuta kidogo ya wanyama. Presha za watu zilishuka ndani ya wiki mbili, ingawa chumvi haikupunguzwa na uzito wao haukubadilika. Mwaka 2001 walipopunguza na chumvi, zikashuka zaidi. Sisi hatuhitaji kuagiza vyakula vya Marekani. Matembele na kunde vinafanya kazi hiyohiyo.

Wali wa nazi ni suala lenye hisia, naelewa. Upikeni mara chache, na mnapopika mtumie tui jepesi badala ya tui zito. Mafuta ya kupikia pimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye dumu. Mafuta ya alizeti ni chaguo zuri kuliko mafuta yanayoganda, na yale yaliyokaangia samaki mara tatu yamwagwe.

Matunda: kula, usinywe. Chungwa, kipande cha papai, nusu ya embe kubwa, nusu parachichi. Ukiyasaga juisi unakunywa machungwa manne kwa dakika moja, na sukari inaingia kwenye damu kwa kasi. Mwenye kisukari asinyimwe tunda, apunguziwe ukubwa.

Hatua ya 4: Chai na chupa

Kilo ya sukari nayo iandikeni tarehe. Kiwango kizuri alichoshauriwa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 25 kwa siku, vijiko 6 vya chai, na hapo soda, biskuti na maandazi vinahesabiwa. Kwa watu watano kilo moja isiishe kabla ya siku 8. Mwenye kisukari chai yake iwe bila sukari kabisa, afike huko kwa kupunguza nusu kijiko kila wiki. Iliki, mdalasini na tangawizi huijaza chai utamu wa harufu. Asali na sukari guru ni sukari, hata kama vinatoka shambani.

Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Nikiulizwa jambo moja tu la kuacha leo kwa mtu wa sukari, ni hilo. Juisi ya miwa, juisi za pakiti na vinywaji vya kuongeza nguvu viingie kwenye kapu hilohilo.

Hatua ya 5: Chakula cha nje

Wengi wetu chakula cha mchana tunakula kwa mama lishe, na ushauri wa "pika nyumbani" hauwasaidii watu wa Kariakoo wanaotoka saa 11 alfajiri. Mama lishe anasikiliza akiambiwa mapema, kabla upawa haujazama.

"Dada, shikamoo. Wali nusu, maharage na mchicha jaza. Mchuzi usimwagie juu, weka pembeni."

"Marahaba, baba. Ila nusu ni bei ileile."

"Hamna shida, niongezee mchicha."

Ukifika kwake kila siku, wiki ya pili hataulizia tena. Chagua samaki wa mchuzi au wa kuchoma badala ya wa kukaanga, usinywe mchuzi wote, chumvi nyingi imelala humo. Chipsi mayai ziwe za mara moja moja, na siku hiyo uzile na kachumbari ya kutosha, bila kunyunyiza chumvi, bila soda. Asubuhi, badala ya chapati mbili na supu, yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu au mhogo wa kuchemsha vinakufikisha mchana vizuri.

Hatua ya 6: Miguu itembee

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo lakini bado unaweza kuongea: nusu saa, siku tano. Kwa jua letu, muda mzuri ni saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Coco Beach na Daraja la Tanzanite huwa na watu wengi wa mazoezi, na vikundi vya jogging viko mitaa mingi, Jumamosi na Jumapili utawasikia kwa nyimbo zao. Lakini mtu wa Mbagala hahitaji nauli ya kwenda kutembea Masaki. Anayepanda mwendokasi kwenda Kivukoni ashukie Posta ya Zamani, amalizie kwa miguu, asubuhi na jioni. Kwa wenye sukari, dakika 10 mpaka 15 za kutembea mara baada ya kula zina faida ya pekee, kwa sababu misuli inachukua sukari ileile iliyotoka kuliwa.

Mwenye sukari asitembee na kandambili wala peku. Viatu vilivyofunika vidole, soksi safi, na kila usiku kabla ya kulala akague nyayo na katikati ya vidole, akishindwa kuinama mjukuu amsaidie. Kisukari huua hisia za miguu, msumari unaingia na mtu hajui. Asiloweke miguu kwenye maji ya moto.

Kupungua uzito kwa asilimia 5 mpaka 10 kunashusha presha na sukari kwa kiasi kinachoonekana. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 4 na nusu mpaka 9, za kupungua kwa miezi. Sigara iachwe. Pombe, kama ipo, iwe kidogo sana, na asinywe tumbo tupu anayetumia dawa za sukari.

Hatua ya 7: Dawa, na mambo yanayoziharibu

Dawa ya presha inamezwa hata siku presha iko vizuri, maana iko vizuri kwa sababu ya dawa. Kumaliza vidonge na kusubiri mpaka kichwa kiume ni hatari, presha ya juu mara nyingi haiumi popote.

Mwambieni muuzaji wa duka la dawa kwamba mtu ana presha kabla hajawapa dawa ya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kwa ajili ya mgongo na magoti, hupandisha presha na huumiza figo. Mlonge, kitunguu saumu au unga wowote mlioletewa, mwonyesheni daktari, na msiache vidonge kwa ajili yake.

Anayetumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamidi asipunguze wanga ghafla kabla ya kuongea na kliniki, sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, kuongea vitu visivyoeleweka. Ikiwa chini ya 4, au hamna mashine na dalili zipo, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe baada ya dakika 15, apewe tena kama bado iko chini. Akishapata nafuu ale kitu. Akiwa amezimia msimwekee kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ramadhani inastahili maandalizi yake. Anayetaka kufunga aende kliniki mwezi au miezi miwili kabla, dozi na saa za dawa zibadilishwe, na akiambiwa asifunge, dini imempa ruhusa. Wanazuoni wengi wanasema kujitoboa kidole kupima hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 anafungua, hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari: tende moja au mbili, maji, kisha chagua kimoja kati ya mihogo, viazi, magimbi au tambi, si vyote kwenye sahani moja, na samaki na mboga viwepo. Daku aile kwa kuchelewa.

Hatua ya 8: Kliniki

Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina kliniki za magonjwa haya, na wenye matatizo makubwa hupelekwa Muhimbili au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kwa kupima na kuchukua dawa za kawaida anzieni kituo cha afya cha karibu. Nendeni na daftari, na vidonge vyote vyenye makasha yake, pamoja na vya kienyeji. Aende na anayepika, kwa sababu ushauri wa chakula anaopewa mzee peke yake haufiki jikoni.

Ulizeni mambo haya kabla ya kutoka: HbA1c yake ni ngapi, figo zimepimwa lini, macho yamepimwa mwaka huu, miguu imekaguliwa leo, lengo lake la presha ni namba gani.

Kuna siku za kutosubiri kliniki. Mdomo umepinda upande, mkono mmoja umelegea, maneno yanakwama: hicho ni kiharusi, kila dakika inahesabika. Maumivu ya kifua, kushindwa kuhema, au presha ya 180/120 na zaidi yenye maumivu makali ya kichwa, macho kufifia au kuchanganyikiwa: hospitali usiku huohuo. Mwenye sukari akitapika mfululizo au akipata kidonda mguuni kinachobadilika rangi, naye aende siku hiyohiyo. Wekeni namba ya dereva wa bajaji au teksi wa mtaani kwenye simu ya kila mtu mzima ndani ya nyumba, na muulizeni mapema kama anapokea simu usiku.